Hoja ya Kumi na Tatu ya Padri Lakini

Jumatatu asubuhi Padri Daktari aliingia katika karakana yangu bila kubisha hodi, akaweka daftari moja juu ya meza ya kukatia, akaniuliza, "Mzee Fundi, ukurasa unaweza kutoka kitabuni bila kuacha alama?"

Nilimtazama kabla ya kujibu. Mtu anayekuuliza swali la namna hiyo hatafuti elimu. Anatafuta mtu.

"Kwa kitabu nilichokijalidi mimi, hapana," nikasema. "Uking'oa ukurasa, mwenzake wa upande wa pili analegea. Ukikata kwa wembe, kinabaki kisiki. Mimi nakiona hata kwa kidole."

"Basi tia kidole."

Mimi ni mjalidi wa vitabu wa seminari hii, na sasa ni mwaka wa arobaini na moja. Karakana yangu iko nyuma ya maktaba, chumba chenye dirisha moja, kikandamizo cha chuma, sufuria ya gundi, na visu vitatu ambavyo haviguswi na mkono mwingine. Na huyu Daktari si wa sindano. Ni daktari wa theolojia, padri ambaye bado hajafika miaka arobaini na mitano, aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo na masanduku manne ya vitabu na tabia ya kusoma huku anatembea. Askofu alikuwa amempa kazi ya kupitia maandishi yote ya marehemu mwalimu wetu. Siku ya Ijumaa kamati ingekaa na kuamua moja kati ya mawili: ama yachapwe na kusomwa na mafrateri, vijana wanaosomea upadri, ama yafungiwe katika kabati la gombera, yaani mkuu wa seminari. Kitu kikiingia katika kabati lile hakitoki.

Marehemu mwenyewe tulimwita Padri Lakini. Alifundisha theolojia miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kumsikia akimaliza maelezo bila neno hilo. Mwanafunzi akisema Mungu ni mwema, yeye husema, "Ndiyo, lakini." Aliamini kwamba mtu asiyeweza kuitetea hoja ya mpinzani wake hajastahili kuipinga. Ndiyo njia ya walimu wa kale wa Kanisa: kwanza unampa mpinzani kiti, unamwandikia hoja zake vizuri kuliko ambavyo angeziandika mwenyewe, ndipo unazijibu moja moja.

Kwangu mimi alikuwa zaidi ya hapo. Nilifika hapa nikiwa mfagizi mwenye miaka ishirini na sita, na nilichojua kuandika kilikuwa jina langu tu. Padri Lakini, baada ya kuwafundisha mafrateri mchana kutwa, jioni alikaa nasi wapishi, wafagizi na watunza bustani, akatufundisha kusoma. Mwandiko tuliiga wake, kwa kuwa hatukuwa na mwingine wa kuiga. Kila kitabu nilichosoma tangu siku hizo, na si vichache, nilikisoma kwa macho aliyonipa yeye.

Nikafungua daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mwandiko ninaoujua kama sura ya mke wangu: Juu ya Sala. Hoja kumi na tatu, na majibu yake. Hoja ya kwanza ilisema kwamba sala haina maana, kwa kuwa Mungu anajua tunachohitaji kabla hatujafungua kinywa. Ya pili ilisema kwamba Mungu habadiliki, basi anayemwomba abadili jambo anaomba kisichowezekana. Zikaendelea hivyo, kila moja kali kuliko iliyotangulia, mpaka ya kumi na tatu:

Mama mmoja alisali siku tisa ili mtoto wake apone. Siku ya tisa mtoto akafa. Jirani yake hakusali hata siku moja, na wa kwake akapona. Basi ama Mungu hasikii, ama anasikia na kuchagua kwa namna ambayo binadamu akiifanya tungemfunga jela.

Baada ya hapo, jalada.

"Majibu yako wapi?" nikauliza.

"Ndilo nililojia, mzee."

Nikapitisha kidole kwenye mshono, fungu kwa fungu. Uzi wangu, fundo langu. Hapakuwa na kisiki, hapakuwa na ukurasa uliolegea.

"Hakuna kilichotolewa," nikasema.

"Basi watasema hakuyaandika. Au aliyeyatoa ni mtu anayejua kazi." Daktari alisema hivyo taratibu, na macho yake yakaenda kwenye visu vyangu, yakatulia hapo. "Baba Gombera ameshalisoma. Anasema marehemu aliishiwa imani mwishoni. Anasema mwaka wake wa mwisho hakuonekana kanisani."

"Alikuwa anaumwa figo! Misa aliadhimisha chumbani, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwitikia."

"Mimi sijasema, mzee wangu. Amesema gombera."

Akachukua daftari lake akaondoka, akiacha mlango wazi. Alisema "mzee wangu" kwa adabu zote, lakini adabu haimzuii mtu kukushuku. Humsaidia tu afanye hivyo bila kelele.

Nilikaa nikapiga hesabu zangu. Nani alikuwa na daftari lile? Yeye, wiki tatu nzima, chumbani kwake, mlango umefungwa. Nani anafundisha somo la sala mwaka huu? Yeye. Nani anasemekana kuandika kitabu juu ya jambo hilohilo? Yeye tena. Maswali ya marehemu yakibaki bila majibu, halafu akatokea msomi na majibu mapya mkononi, watu watasema nini? Mwizi hodari ni yule anayekuja kuuliza kama umeona mwizi.

Nilimweleza mke wangu jioni hiyo. Alikuwa anapasi, na hakunyanyua kichwa.

"Baba watoto, huyo padri amekukosea nini?"

"Ameniangalia visu."

"Na wewe unamwangalia masanduku. Mko kama paka wawili kwenye jiko moja, kila mmoja anamwambia mwenzake ndiye aliyekunywa maziwa."

"Hili si jambo la mzaha, mama watoto. Ijumaa wakilifungia daftari lile, Padri Lakini atakuwa mtu aliyekufa bila imani. Ndivyo itakavyosemwa milele, na hakuna atakayefungua kabati kuhakikisha."

Hapo alinyanyua kichwa. Yeye pia alijifunza kusoma kwa Padri Lakini, benchi moja na mimi; ndiko tulikoonana.

"Basi tafuta," akasema. "Lakini tafuta majibu. Usitafute padri."

Shauri lilikuwa zuri, nami sikulifuata. Jumanne nilikwenda kwa Sista Mkutubi nikamwomba makaratasi ya somo la Daktari, yale anayowagawia mafrateri.

"Ee! Mzee Fundi leo anasoma theolojia," akasema. "Tumshonee kanzu?"

"Nataka kuona kama pini walizobania zinafaa."

"Pini." Sista ana miaka mingi na vitabu, na anajua uongo unavyofunguliwa na unavyofungwa. Akanipa bunda, akaandika jina langu kwenye orodha ya waazimaji, akapiga mstari chini yake.

Nilisoma usiku na asubuhi, miwani puani na kamusi pembeni. Ukurasa wa kumi na tisa nikamkamata. Katikati ya maneno yake marefu ya ng'ambo palikaa sentensi moja fupi, safi kama maji: Anayefungua dirisha halisogezi jua. Nikaweka kamusi chini. Nilimsikia Padri Lakini akisema maneno hayo kwa kinywa chake, jioni moja, mpishi alipomuuliza kama sala zinaweza kumbadili Mungu. Ni jibu la hoja ya pili. Basi majibu yaliandikwa, na Daktari anayo!

Jumatano saa nne nilikwenda chumba cha chai cha walimu. Sijawahi kuingia humo bila kuitwa. Walikuwepo mapadri watano, na yeye alikuwa amesimama dirishani na kikombe.

"Padri Daktari," nikasema, kwa sauti ya kusikika. "Maneno haya ni ya nani?"

Akayatazama. "Ya Padri Lakini."

Sikuwa nimetegemea akubali upesi hivyo. "Ahaa. Na mbona yamekaa kwako kama yako?"

"Hayajakaa kama yangu. Shuka chini."

"Chini wapi?"

"Chini ya ukurasa, mzee. Pale penye herufi za sisimizi."

Nikashuka. Palikuwa na tanbihi, na tanbihi ilisema: maneno ya marehemu mwalimu wetu, niliyoyaandika darasani nikiwa mwaka wa pili. Miwani yangu na herufi ndogo hazipatani, na kwa haraka ya kumkamata mwizi nilikuwa nimeziruka zote. Padri mmoja alicheka ndani ya kikombe chake, chai ikampanda puani.

"Ulidhani nimeiba," Daktari akasema. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi.

"Na wewe ulidhani nimekata."

"Nilidhani. Bado sijaacha." Akaweka kikombe dirishani. "Unajua, hayo maneno aliyasoma kutoka daftari lilelile. Nakumbuka rangi ya karatasi. Alikuwa anasoma hoja zote kwanza, sisi tunaogopa, tunaona imani imekwisha. Halafu anafanya kioja chake. Analifunga daftari, analigeuza miguu juu kichwa chini, anaanza kusoma upande wa nyuma. Sisi tulikuwa tunasema Padri Lakini anamkung'uta shetani atoke."

Mapadri wote wakacheka. Mmoja akaigiza, akageuza kisahani cha chai na kukikung'uta. Mimi sikucheka.

"Mzee, mbona umenyamaza?" Daktari akauliza.

"Nimechelewa gundi," nikasema. "Itaganda."

Nikatoka, na nilihisi macho yake mgongoni mpaka nilipopinda kona.

Sasa niseme jambo ambalo nilikuwa sijalikumbuka kwa miaka kumi na minane. Mwaka aliokufa Padri Lakini, paa la maktaba lilivuja upande wa rafu zake, na maandishi yake yote yakalowa. Yeye alikuwa hospitali. Niliyabeba hadi karakana, madaftari na makaratasi, zaidi ya tisini. Niliyafungua mishono yote, nikayaanika, nikayapanga upya na kuyajalidi, nikitaka ayakute mazuri akirudi. Hakurudi. Na katika kuyapanga nilikuta daftari moja ambalo nusu ya kurasa zake zilikuwa zimesimama kichwa chini. Sikujiuliza. Nilidhani maji na haraka ya kubeba ndivyo vilivyochanganya. Nilizitenga zilizopinduka, nikazigeuza zikae sawa. Karatasi moja ya katikati ilikuwa imesimama huku upande mmoja na imepinduka upande wa pili, ikanichukiza jinsi ilivyokuwa ovyo, nikaikata kwenye mkunjo kwa kisu changu kizuri, kila nusu ikaenda kwa wenzake kwa gundi. Wala sikusoma. Mimi niliyejivunia kusoma kila kitu, siku hiyo nilikuwa fundi tu, na fundi akiona kitu kimekaa kombo hunyoosha kwanza.

Kwa hiyo mkono uliokuwa unatafutwa ni wangu, na Daktari alikuwa ameupata siku ya kwanza kabisa, mwenyewe akiwa hajui sawasawa.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka kumi na minane," akasema. "Kosa lako lina haki ya kupiga kura."

"Unacheka."

"Nifanyeje? Nilie? Wewe umemfuata mtu wa watu hadi kwenye kikombe chake cha chai, na aliyekunywa maziwa ni wewe." Kisha akalainika. "Ziko wapi hizo kurasa?"

"Kama sikuzitupa, ziko maktaba. Lakini mama watoto, nikisema, watasema nini? Miaka arobaini na moja!"

"Wataisema arobaini na moja, na kosa moja. Usiposema watamsema Padri Lakini."

Alhamisi nilikuwa mlangoni mwa maktaba kabla ya Sista kufungua. Nilikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya chini, pale tulipoweka vile visivyojulikana vya marehemu: orodha, vijipande, mahubiri yasiyo na mwanzo. Sista alikuja nyuma yangu, akajifanya anapangusa vumbi mahali ambapo halikuwepo. Kitabu nilichokitafuta nilikikuta cha nne kutoka ukutani. Jalada la kitambaa cha kijani, na mgongoni, kwa herufi nilizozipiga kwa mkono wangu: Vipande Mbalimbali. Dhahabu ilikuwa bado inang'aa. Kosa langu nilikuwa nimelipamba.

Ndani mlikuwa na maneno yasiyo na kichwa. Kwa la kwanza: Mtoto hamwambii mama yake kwamba ana njaa ili mama apate habari. Humwambia kwa kuwa ni mama. Kwa la pili: Anayefungua dirisha halisogezi jua. Kwa la tatu, kwa la nne. Yeyote aliyekifungua miaka yote hiyo aliona majibu ya maswali asiyoyajua, akakifunga.

"Pini zinafaa?" Sista akauliza nyuma yangu.

"Nitakirudisha."

"Andika hapa." Akanipa orodha, akasimama mpaka nilipomaliza saini.

Karakanani nilijifungia, jambo ambalo silifanyi. Nikakata uzi wa vitabu vyote viwili, nikaweka mafungu mezani, hoja kushoto na majibu kulia. Zile nusu mbili za karatasi niliyoikata nikazikutanisha. Zikabusiana kwenye mkunjo kama hazijawahi kuachana. Hata doa la maji lilianzia huku likaishia kule. Nikafurahi, na pamoja na furaha likaja wazo. Nina uzi, nina nta, nina jioni nzima. Naweza kulishona daftari kama lilivyokuwa, nusu kichwa chini, nikalivalisha jalada la zamani, kesho nikasema nimelipata nyuma ya rafu. Nani atajua? Fundo langu linajulikana na mimi tu.

Nikaanza kupanga majibu. Nilipofika la mwisho, nilikaa chini.

Kwa la kumi na tatu. Mama huyo namjua. Siku tisa za sala nilimfundisha mimi mwenyewe, na mtoto nilimzika mimi. Sina jibu ambalo ningeweza kumwambia usoni. Anayedhani analo, aende akamwambie yeye kwanza, kisha arudi aniambie alivyomtazama. Mimi bado nasali. Kwa nini, siwezi kueleza.

Nilisoma mara tatu. Niliona uso wa gombera akisoma maneno hayo. Si nilisema, angesema. Aliishiwa imani, na ameandika kwa mkono wake mwenyewe. Majibu kumi na mawili mazuri yangemezwa na hili moja. Na lilikuwa limekaa peke yake, ukurasa wa mwisho, nyuma yake patupu. Kisu kilikuwa pale. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ningeweza kutoa ukurasa bila kuacha kisiki, kwa sababu kitabu kilikuwa hakijashonwa.

Nilikishika kisu. Nisiseme uongo, nilikishika muda mrefu. Kilichonizuia hakikuwa utakatifu. Nilijiona tu nikiwa nanyoosha tena kitu kilichokaa kombo, bila kuuliza kwa nini mwenyewe alikikalisha hivyo. Mara ya kwanza nilikuwa na udhuru kwamba sikusoma. Sasa nilikuwa nimesoma.

Sikushona chochote. Ijumaa nilibeba mafungu yote, wazi, juu ya ubao, kama mtu anayebeba mikate.

Kamati ilikaa katika ukumbi mdogo: Askofu mezani, gombera kulia kwake, Daktari kushoto, na katibu na kalamu yake. Askofu wetu ni mtu mnene, mpole, anayefumba macho akisikiliza, na wasiomjua hudhani amelala. Nilisimama nikaeleza yote: mvua, karatasi zilizopinduka, mkunjo nilioukata.

Gombera hakuangalia karatasi. Aliniangalia mimi.

"Mzee Fundi, ni bahati ya ajabu. Miaka kumi na minane hakuna kitu. Siku moja kabla ya kikao, majibu yote."

"Ndivyo ilivyotokea, Baba Gombera."

"Karatasi nakubali ni za daftari moja. Karatasi tupu zinaweza kuandikwa wakati wowote. Nani alikufundisha kuandika?"

Nikaona anakokwenda, na hapakuwa na njia ya kando. "Yeye."

"Katibu, mpe kalamu. Andika: Anayefungua dirisha halisogezi jua."

Nikaandika. Gombera akauchukua mstari wangu, akauweka sambamba na ule wa kitabuni, akausukuma mbele ya Askofu. Askofu akafumbua macho. Herufi zilikuwa ndugu, baba mmoja mama mmoja. Hata mkia wa "r" ulipinda vilevile. Maisha yangu yote nilijivunia mwandiko ule, na sasa ulikuwa unanishitaki.

"Simwiti mzee mghushi," gombera akasema. "Nasema alimpenda mwalimu wake. Mapenzi yamewahi kufanya makubwa kuliko haya."

Nilimtazama Daktari nikajua sasa atanilipizia ya chumba cha chai. Alivuta mafungu karibu, akayapekua kutoka nyuma, akasimama kwenye ukurasa wa mwisho. Alisoma kimya. Kisha akasoma tena, midomo ikicheza.

"Baba Askofu, naomba nilisome la kumi na tatu kwa sauti."

Akalisoma. Alipofika "mtoto nilimzika mimi" sauti yake ikashuka.

"Mimi nilimshuku mzee huyu kabla ya Baba Gombera kumshuku," Daktari akasema. "Nimemshuku wiki nzima. Lakini nauliza: mtu anayeghushi ili kumwokoa mwalimu wake, angeghushi hili? Angeacha pengo mahali ambapo kila mtu anatazama? Ningekuwa mimi, ningeandika jibu la kurasa nne."

"Na tanbihi," nikasema. Iliniponyoka. Askofu alitikisika bega kidogo.

Gombera hakucheka. "Vizuri. Basi ni lake. Nalo ndilo la kufungia! Padri, mwalimu wa mapadri, anaandika kwamba hana jibu? Tuwape vijana hilo? Chapeni kumi na mbili, hiyo moja ibaki kwangu."

"Baba Gombera," Askofu akasema, "wewe unalo jibu?"

"Lipo, Baba Askofu. Limeandikwa na wakubwa kuliko sisi."

"Sijauliza kama limeandikwa. Huyo mama huenda bado yuko hai. Nikikupa gari leo, utakwenda kumwambia?"

Gombera alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Ni mtu mgumu lakini si mwongo.

"Mimi pia siendi," Askofu akasema. "Yachapwe yote kumi na matatu, kama yalivyo. Lakini mwanzoni ielezwe kwa nini yalipotea, ili kesho mwingine asije akaanza kumshuku marehemu. Katibu, andika: kwa kosa la ujalidi."

Katibu akaandika. Kisha akanitazama kwa haya. "Baba Askofu, tuandike kosa la nani? Au tuseme la mjalidi mmoja?"

Wote wakanigeukia. Askofu alisema ni juu yangu, wala hakuna atakayenilazimisha. Katika miaka arobaini na moja nimejalidi maelfu ya vitabu, na hakuna hata kimoja chenye jina langu, mjalidi haandikwi. Nilikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo, na si mara moja, lakini sikuwahi kulifikiria hivi.

"Mjalidi mmoja anaweza kuwa yeyote," nikasema. "Watamshuku na yule atakayekuja baada yangu. Andika jina."

Nikamtajia katibu lote, la ubatizo, la baba na la babu, nikasimama nyuma ya bega lake kuhakikisha hakosei herufi.

Mwishowe gombera alizipokea kurasa za kutunzwa kabatini mpaka zipelekwe kiwandani kuchapwa. Alizihesabu mbele yangu, mara mbili, akinitupia jicho kila akifika kumi. Nami nilihesabu pamoja naye, kimoyomoyo. Tulipata idadi moja, akafunga, akatia ufunguo mfukoni. Nikamwomba anipe stakabadhi.